Jinsi ya kupata omu na wati kwa kupima volti na ampea, tukitumia birika la umeme

Birika limeandikwa 2000W, 230V, lakini linachelewa kuchemsha maji. Mwenye nalo anataka kujua: ni bovu, au umeme wa mtaa wake unakuja mdogo? Kulijibu swali hili si lazima ulifungue. Ukijua volti zinazolifikia na ampea linazovuta, unagawanya mara moja upate omu, yaani ukinzani wa birika kwa umeme, na kuzidisha mara moja upate wati, yaani nguvu yake. Nimechagua birika kwa sababu ndani mna koili tu (waya unaopata moto na kuchemsha maji), na koili haisumbui kwenye hesabu. Vifaa vyenye mota vina mambo yake, nitavigusa mwishoni.

Hatua ya 1: Pima volti wakati birika limewashwa

Wengi hupima soketi ikiwa haina kitu, wanasoma 230, kisha wanashangaa hesabu inapokataa. Volti zinazotakiwa ni zile zilizobaki mzigo ukiwa umewaka. Tumia soketi pacha: upande mmoja birika, upande wa pili plagi yenye waya mfupi ulioishia kwenye konekta, na ncha za multimita (mita ya kupimia volti, ampea na omu) uziguse kwenye skrubu za konekta hiyo. Usichokonoe matundu ya soketi kwa bisibisi. Multimita iwe kwenye V yenye alama ya wimbi, waya mweusi kwenye COM na mwekundu kwenye tundu la V. Tuseme umesoma volti 221.

Hatua ya 2: Pima ampea

Hapa ndipo penye kazi. Chombo kinachofaa ni klampu mita, yaani mita yenye taya zinazozunguka waya bila kuukata, na klampu hukumbatia waya mmoja tu. Waya wa birika umebeba moto (unaoleta umeme), nyutro (unaorudisha) na asi (wa usalama, unaokwenda ardhini) ndani ya ganda moja. Ukiukumbatia wote, mita itasoma sifuri hata kama maji yanatokota, kwa sababu mkondo unaokwenda na unaorudi vinafutana. Mafundi hujitengenezea ekstensheni fupi ya majaribio: ganda la nje linachanwa kiasi cha kiganja bila kujeruhi plastiki ya nyaya za ndani, waya wa kahawia, yaani moto, unavutwa pembeni, klampu inapita hapo. Fanya hivyo plagi ikiwa nje ya soketi, ndipo uwashe.

Multimita ya kawaida nayo inapima ampea, kwa kukata njia ya umeme na kuiweka mita katikati. Kwa umeme wa nyumbani sikushauri. Mita ikiwa kwenye tundu la 10A, kwa umeme ni kama kipande cha waya. Ukisahau kurudisha waya mwekundu kwenye V kisha ukapima volti za soketi, umepiga shoti kwa mkono wako.

Tuseme klampu imesoma ampea 8.3. Ikiandika mA (miliampea), gawanya kwa 1000 kabla ya kuendelea.

Hatua ya 3: Gawanya upate omu

Ukinzani = volti ÷ ampea
221 ÷ 8.3 = omu 26.6

Sasa linganisha na maandishi ya kiwandani. Volti zilizoandikwa zizidishe zenyewe kwa zenyewe, ugawanye kwa wati: 230 × 230 ÷ 2000 = omu 26.45. Tofauti ni ndogo mno. Koili ni nzima. Ungepata omu 35, ningekwenda moja kwa moja kwenye swichi na kitako cha birika kutafuta mguso ulioungua.

Hatua ya 4: Zidisha upate wati

Nguvu = volti × ampea
221 × 8.3 = wati 1,834

Kwa hiyo birika halipati zile 2000 hapo nyumbani. Jioni umeme ukishuka hadi volti 195, omu zinabaki karibu zilezile, na wati zinakuwa 195 × 195 ÷ 26.6, yaani kama 1,430. Ukilinganisha na 230V na 2000W za kiwandani, volti zimepungua kwa asilimia 15, wati zimepungua kwa asilimia 28 hivi. Chai inachelewa, na birika halina kosa.

Hatua ya 5: Hesabu ileile kwenye ekstensheni

Rudia vipimo birika likiwa mwisho wa ekstensheni ndefu ya waya mwembamba. Kwenye soketi ya ukutani una 221, mwisho wa ekstensheni una 213, mkondo ni ampea 8. Volti 8 zimepotelea njiani: 8 ÷ 8 = omu 1, na 8 × 8 = wati 64 zinazogeuka joto ndani ya waya. Ukiwa umeviringishwa kwenye roli lake, joto hilo halina pa kutokea, na plastiki inaanza kulainika.

Mbona nisipime omu moja kwa moja?

Kwa koili ya birika unaweza, ukishachomoa plagi. Ukinzani wake haubadiliki sana inapopata moto. Kwa balbu ya waya ni habari nyingine. Chukua taa ya breki ya gari, 12V 21W: ikiwaka inavuta ampea 1.75, kwa hiyo ina omu 6.9 hivi. Ipime ikiwa baridi, multimita itakuonyesha chini ya omu 1. Mita haijakosea, waya wa balbu ukipata moto ukinzani wake hupanda mara nyingi. Ndiyo maana volti na ampea za kifaa kinachofanya kazi nazipa uzito zaidi.

Friji, feni na pampu

Hatua ya 3 usiitumie hapa, omu utakazopata si za waya wa mota. Hata volti × ampea itakupa namba kubwa kuliko wati halisi, kwani mkondo wa mota huchelewa nyuma ya volti. Namba hiyo bado inafaa kuchagulia waya, breka au stabilaiza. Ukitaka wati zenyewe, zima vingine vyote na uiangalie mita ya umeme ya nyumba.