Kutafuta sarafu za kale kwa ditekta katika mashamba ya tambarare ya Moshi

Mashamba yanayofaa kuanzia kazi hii ya kutafuta sarafu kwa ditekta, yaani mashine inayolia ikipita juu ya metali iliyofukiwa, ni yale ya tambarare, chini ya barabara ya Moshi kwenda Himo, na si vihamba vya mlimani, yaani mashamba ya ukoo yenye makazi na migomba. Nasema hivi nikijua kwamba wengi hutamani kuanzia kihambani kwa babu, wakiamini kuwa palipokaa watu wa zamani ndipo penye vitu vya zamani. Lakini kihambani ndimo walimozikwa wazee, na mara nyingi kaburi halina saruji wala msalaba, bali masale tu, mmea uleule unaoweka mpaka kati ya ndugu na ndugu na unaobebwa mtu anapokwenda kuomba msamaha. Ukiona masale yamesimama peke yake katikati ya migomba, zima mashine uondoke hapo. Uzao wa Mangi Meli, chifu wa Wachaga aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900, umelitafuta fuvu lake kwa miaka mingi, kwa hiyo kufukua mifupa ya mtu kwa ajili ya sarafu ni jambo ambalo hakuna mzee wa huku atakayelisamehe, nami naona ni haki yake.

Kabla ya kununua chochote, shughulikia kibali. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, hairuhusu mtu kuchimba ili kutafuta vitu vya kale bila kibali cha Serikali, hata kama shamba ni lake. Sheria hiyo inaweka mwaka 1863 kuwa mpaka: kilichotengenezwa na binadamu kabla ya hapo kinalindwa kama urithi wa kale, na aliyekigundua anatakiwa kutoa taarifa. Sarafu nyingi zinazopatikana huku ni za baada ya mwaka huo, lakini kwa kuwa huwezi kujua kilichoko chini kabla ya kukifikia, andika barua Idara ya Mambo ya Kale mapema, ukieleza shamba, muda na namna utakavyofanya kazi. Kwa ushauri wa karibu, fika Makumbusho ya Elimu Viumbe yaliyomo ndani ya Boma la Wajerumani mjini Arusha. Kisha mwone mwenye shamba, mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, na makubaliano yaandikwe mbele ya mashahidi, yakitaja nani atatunza kitakachopatikana. Waeleze wazi kwamba hutafuti dhahabu, kwa sababu utafutaji wa madini una leseni yake na sheria yake.

Waeleze pia kwamba hutafuti "rupia ya Mjerumani" ile inayosemwa kuwa ina nguvu za ajabu na kwamba kuna tajiri anayeisubiri kwa mamilioni. Maneno hayo ni ya matapeli, na yamewamaliza watu wengi akiba zao. Rupia ni sarafu ya madini ya fedha yenye uzito wa gramu 11.66, sawa na rupia ya India ya wakati huo, na mizani ya sonara itakusaidia kugundua haraka kama uliyoishika ni ya kughushi.

Ukijua historia ya fedha za huku utaelewa kila sarafu inayojitokeza. Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia na pesa za shaba mwaka 1890, na pesa 64 zilifanya rupia moja. Kodi ya nyumba ilipoanza mwaka 1898, kila kaya ililazimika kuitafuta sarafu hata kama haikuwa na haja nayo sokoni. Mwaka 1904 hesabu ilibadilishwa, rupia moja ikawa heller 100, na kutoka hapo tukalipata neno letu "hela". Heller 10 za kuanzia mwaka 1908 zina tundu katikati. Ukipata heller 5 au 20 iliyochongwa kwa ukali kidogo, yenye herufi T na mwaka 1916, umepata sarafu iliyopigwa Tabora katika karakana ya reli, wakati Vita Kuu ya Kwanza vilipokuwa vimekata njia za kuleta fedha kutoka Ujerumani. Mimi huipenda hiyo kuliko rupia, kwa sababu inabeba shida ya mwaka mmoja mahsusi. Baada yake zinakuja shilingi za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1921, zenye simba mbele ya milima, pamoja na ndururu, yaani senti 5, na senti 10 zenye matundu. Hizi utazikuta nyingi kuliko zote, hasa karibu na njia za zamani za kupelekea kahawa na karibu na reli ya Tanga iliyofika Moshi mwaka 1911.

Sasa mashine. Udongo wetu umetokana na volkano na una chuma kingi. Chovya sumaku katika udongo mkavu, nayo itatoka imevaa chembe nyeusi. Chembe hizo huifanya ditekta ilie pasipo na kitu, kwa hiyo mashine isiyo na sehemu ya kuirekebisha kulingana na ardhi haitakufaa huku hata ikiwa ya bei nafuu. Tafuta sehemu isiyo na metali, ipandishe na kuishusha sahani ya mashine kutoka karibu na ardhi hadi usawa wa goti, huku ukirekebisha mpaka sauti itulie. Punguza pia nguvu ya usikivu kuliko akili inavyokushawishi. Sahani ndogo husoma udongo kidogo kwa wakati mmoja, na katika ardhi ya namna hii huishinda kubwa.

Wakati mzuri ni baada ya mavuno ya mahindi, au siku chache baada ya trekta kulima na kabla ya mbegu kuingia. Tembea polepole kwa mistari, sahani ikiwa karibu kabisa na udongo na sambamba nao, na kila mpigo uufunike nusu ya uliotangulia. Ukisikia mlio, pita tena ukitokea upande mwingine: sarafu hulia vilevile pande zote mbili, ilhali msumari hukatika sauti. Vizibo vya soda na bia vitakusumbua sana, na hakuna dawa yake ila uvumilivu. Chimba kwa sululu ndogo ya mkono umbali wa kiganja kutoka penye mlio, usiupige moja kwa moja, na ukifika kwenye udongo ambao jembe halijawahi kuugusa, simama. Chini ya hapo vitu vimelala kama vilivyoachwa, na kuvitoa ni kazi ya wataalamu. Kila shimo lifukiwe kabla hujasogea.

Upande wa Kahe, ambako majeshi yalipigana Machi 1916, kuna hatari ya kukutana na risasi na makombora. Chuma kirefu chenye ncha ya mviringo usikiguse wala usikifukie. Weka alama kwa mbali, rudi kwa nyayo zako mwenyewe na utoe taarifa polisi.

Kila kilichotoka kiandikiwe tarehe, kina chake na nukta ya mahali kutoka kwenye simu, kisha kipigwe picha kando ya rula na kiwekwe peke yake katika bahasha ya karatasi. Usikisugue. Rafiki yangu mmoja aliitia pesa ya shaba katika maji ya limau, ikatoka inang'aa na maandishi yakiwa yamelika. Maji safi, kitambaa laini na kivuli cha kukaushia vinatosha.

Ukikuta sarafu kadhaa zimelala pamoja, au vigae vya chungu vikiwa navyo, acha kuchimba, piga picha bila kusogeza kitu, rudisha udongo wa juu na umwombe mwenye shamba asilime hapo mpaka mtaalamu afike.