Kupunguza na kuongeza partisheni bila kupoteza faili, hata umeme wa Goma ukikatika

Kupunguza partisheni (kipande cha diski, kama C:) kwa kawaida ni dakika chache. Kuihamisha kunaweza kula saa nyingi, na hapo ndipo watu hulia: data yote inanakiliwa kutoka mahali pake kwenda pengine, umeme ukikatika nusu iko huku, nusu iko kule. Kwa hiyo laptop ya okazioni ipimwe kwanza. Ichomoe chaja nusu saa, utazame betri imebaki na asilimia ngapi.

Nakili faili kwenye diski ya nje, kisha fungua mbili tatu humo uone kama zinasomeka. Kama kuna BitLocker (kufuli la Windows linaloficha data ya diski), andika kwenye karatasi ule ufunguo wake wa kurejesha wa tarakimu 48.

C: ipunguzwe na Windows yenyewe. Kwenye cmd (dirisha la amri) ya msimamizi piga chkdsk C: /f, washa upya, halafu powercfg /h off. Hiyo ya pili inafuta hiberfil.sys (faili ya usingizi wa Windows) na kuzima uwashaji wa haraka, ambao huiacha NTFS (mfumo wa faili wa Windows) nusu wazi hadi Linux ikatae kuigusa. Fungua diskmgmt.msc, bonyeza C: kwa kitufe cha kulia, chagua «Réduire le volume». Kisanduku kinahesabu kwa Mo (megabaiti), kwa hiyo ukitaka Go (gigabaiti) 50 andika 51200, si 50. Kikikupa nafasi ndogo kuliko iliyo tupu, mara nyingi pagefile.sys (faili ambayo Windows huitumia kama RAM ya ziada) imekaa njiani: izime, washa upya, punguza, kisha irudishe.

«Étendre le volume» ikififia, nafasi tupu haijagusana na C: upande wa kulia. Mara nyingi partisheni ya kurekebisha Windows imejipachika katikati.

Kwenye Mac, APFS (mfumo wake wa faili) ikikataa kupungua, tazama kwanza nakala za ndani za Time Machine (programu ya Mac ya kuhifadhi nakala) kwa amri hii: tmutil listlocalsnapshots /

Linux: ext4, mfumo wa faili wa kawaida huko, hukua ikiwa kazini, ila kupungua lazima ishushwe (isiwe inatumika), yaani uwashe kompyuta kwa GParted, programu ya kupanga partisheni, kutoka flashi. Ukifanya kwa mkono, kupunguza huanza na resize2fs (amri ya kubadilisha ukubwa wa mfumo wa faili), ndipo partisheni. Kuongeza ni kinyume. Ukikosea mpangilio, mkia wa mfumo wa faili unabaki nje ya mpaka. XFS, mfumo mwingine wa faili wa Linux, usihangaike kuipunguza, nakili data na uiunde upya.

GParted haigusi diski hadi ubonyeze alama ya kijani. Soma kwanza orodha iliyo chini: ukiona humo kuna kuhamisha, na betri haifiki saa mbili, ondoa hatua hiyo kwenye orodha.