Tuzo ya talaka au matunzo ina makosa? Fuata hatua hizi

Juzi kaja dada mmoja ofisini na bahasha yake, tuzo ya mahakama (hati fupi inayotoka kwenye hukumu na kutaja amri zake) inasema baba watoto atoe matunzo shilingi 15,000 kwa mwezi. Hakimu alisoma 150,000 mbele ya watu, na hukumu ukurasa wa mwisho ina 150,000 kwa tarakimu na kwa maneno, ila aliyechapa tuzo akaruka sifuri moja. Miezi minne baba analipa elfu kumi na tano, watoto wawili, mwezi mzima, na karatasi inamlinda. Iliniuma sana. Kwahiyo naandika njia ninayowapitisha wateja wangu. Hii ni kwa kesi za Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi hapa Tanzania, Mahakama ya Mwanzo ina kanuni zake.

Hatua ya 1: chukua nakala zenye mhuri za vyote viwili, hukumu na tuzo (wengine wanaiita dikrii). Kaa nazo mezani ukilinganisha mstari kwa mstari, majina, namba ya shauri, hela, namba ya kiwanja, majina ya watoto kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Tarehe iangalie mara mbili, sheria inataka tuzo iwe na tarehe ile ile hukumu iliposomwa na sio siku ilipochapwa, kuna watu rufaa zao zimetupwa kwa kosa hilo tu. Ukiona kosa usiliguse kwa kalamu, andika pembeni kwenye karatasi yako, maana hati ya mahakama ukiichorachora umejitafutia kesi nyingine.

Hatua ya 2, na hapa ndo wengi wanapotea. Jiulize, hili ni kosa la mkono au ni uamuzi ambao hujaupenda? Sifuri kuruka, jina kukosewa, hesabu kujumlishwa vibaya, hayo ni makosa ya mkono, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai (kifungu cha 96 kwenye toleo la 2019, angalia toleo ulilonalo) inaruhusu mahakama iyarekebishe wakati wowote, yenyewe au mmoja wenu akiomba. Lakini kama hakimu aliamua 50,000 na wewe ulitaka 150,000 hapo hakuna cha kusahihisha, hiyo ni rufaa, na Sheria ya Ndoa inakupa siku 45. Kama kuna ushahidi mpya au kosa la wazi kwenye uamuzi wenyewe unaomba marejeo, yaani mahakama ile ile iupitie upya uamuzi wake, ndani ya siku 30. Na kama hali imebadilika, mfano baba kapata kazi nzuri au mtoto anaumwa, Sheria ya Ndoa inaruhusu kuomba amri ya matunzo au ya malezi ibadilishwe. Tafadhali usipoteze siku zako za rufaa ukihangaika na masahihisho.

Hatua ya 3: omba. Kwa kosa lililo wazi mimi huanza na barua kwa hakimu mfawidhi, fupi, namba ya shauri, ukurasa na aya ya hukumu, tuzo inasema nini, ilitakiwa isemeje, basi, usimweleze tabia za mwenzio. Naambatisha nakala zote mbili na mwenzio napeleka kopi. Wakikwambia leta maombi rasmi, unaandaa maombi ya chemba (ombi la maandishi kwa hakimu) na kiapo (maelezo yako ya maandishi uliyoapa kuwa ni kweli), unayaingiza kwenye mfumo wa mtandao wa mahakama, unapata kontrol namba, unalipia, unapangiwa tarehe. Siku hiyo nenda mwenyewe hata kama una wakili.

Hatua ya 4: tuzo mpya ikitoka isomee hapo hapo masjala kabla hujatoka mlangoni, nimewahi kuona jina linasahihishwa halafu tarehe inakosewa. Ikiwa sawa ipeleke kila ile ya zamani ilikofika, RITA (wakala wa serikali wa usajili) kama ulishasajili talaka, kwa mwajiri kama matunzo yanakatwa kwenye mshahara.

Yule dada tuliandika barua siku ile ile. Tuzo yake ikishasahihishwa tunaomba kukazia hukumu, yaani mahakama imlazimishe baba alipe, kwa yale mapungufu, 135,000 mara miezi minne, 540,000.