Somo: Kumpata mkandarasi wa kubomoa jengo la biashara mjini

Wakuu, tukitaka kupandisha ghorofa, akili yote huwa kwenye ramani ya jengo jipya. Kulibomoa la zamani tunamwachia yeyote mwenye nyundo na vijana. Kwa mahali kama Kariakoo, ambako ukuta wangu ndio mgongo wa duka lako, huko ni kuchezea roho za watu. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka pale Kariakoo watu wakiwa ndani. Tangu siku ile sioni aibu kuwasumbua watu na somo hili.

Hatua ya 1. Mtangulize mhandisi miundo. Akuonyeshe kuta zipi zimebeba slabu (sakafu ya zege ya ghorofa) na zipi zinagawa vyumba tu. Bila hilo, kila mkandarasi atakupa bei ya kukisia.

Hatua ya 2. Karatasi. Kibali cha kubomoa kinatoka halmashauri. Mkandarasi awe amesajiliwa CRB, yaani Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na daraja lake liruhusu thamani ya kazi yako. Usiridhike na nakala ya cheti, kaulize Bodi kama usajili bado uko hai. TANESCO na mamlaka ya maji wakate huduma kabisa, kuzima swichi hakutoshi.

Hatua ya 3. Waite angalau watatu saiti, kila mmoja umuulize: "Utaanzia wapi?" Anayeijua kazi ataanza na paa, milango na kuta za kugawa, kisha slabu ya juu, akishuka ghorofa moja moja huku akiondoa kifusi kisirundikane juu ya slabu iliyobaki. Anayesema atakata nguzo za chini jengo lilale lenyewe, katikati ya mji, usimpe kazi hata kwa bure.

Hatua ya 4. Kifusi na nondo. Hapa ndipo bei zinapotofautiana, na ndipo watu wanapolizwa. Chukua slabu ya mita 10 kwa 20, unene sentimita 15: ni mita za ujazo 30 za zege, karibu tani 72. Likivunjwa linavimba, linaweza kufika mita za ujazo 45. Kwa lori la mita za ujazo 10 hizo ni safari tano, na hujagusa kuta wala nguzo. Aliyekupa bei ya chini sana muulize atakimwaga wapi na kwa ruhusa ya nani. Kikikutwa bondeni au kwenye mtaro, jina litakalotafutwa ni la mwenye jengo. Nondo, mabati na fremu za alumini zina soko la chuma chakavu, kwa hiyo andikeni ni za nani. Zikiwa zake, bei ishuke.

Hatua ya 5. Jirani. Niliwahi kusimamia ubomoaji wa jengo la maduka, ukatokea ufa kwenye ukuta wa jirani. Mimi naamini ulikuwepo tangu zamani, lakini hatukuwa na picha hata moja, tajiri akalipa. Sasa napiga picha kila ukuta jirani akiwepo, na tunasaini wote. Bima ya madhara kwa watu wengine nayo iwepo.

Malipo yaende kwa hatua. Sehemu ya mwisho ibaki mpaka msingi wa zamani ung'olewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mwanza): Mkuu, jengo langu ni ghorofa moja tu. Siwezi kuchukua vibarua wenye nyundo?

Jibu: Nyundo haina ubaya, penye nafasi finyu kijiko (mashine ya kuchimba) hakipiti. Shida ni msimamizi. Ukiwachukua mwenyewe, mwajiri ni wewe, na kijana akianguka ni juu yako. Mkandarasi akuonyeshe usajili wa WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Swali (Tanga): Kaka, paa langu lina shiti za kijivu za zamani, nimeambiwa ni asbestosi. Wazipasue tu?

Jibu: Hapana dada yangu. Vumbi lake likiingia mapafuni, saratani inaweza kuja miaka mingi baadaye. Waulize NEMC, baraza la taifa la mazingira, utaratibu kwanza. Zinalowanishwa, zinafunguliwa nzimanzima na watu wenye vifaa, zinafungwa kwenye nailoni nene.

Swali (Dar): Wapangaji wa chini hawajahama. Mkandarasi anasema anaweza kuanza juu.

Jibu: Asianze. Hata fremu moja ya duka ikiwa na mtu, hakuna nyundo inayopanda. Maliza notisi zao kwanza, na kwenye mkataba andika kazi inaanza siku utakapokabidhi jengo tupu, ili asikudai fidia ya kusubiri.