Gari kuukuu likichemsha mlimani, anza na kifuniko cha rejeta

Ukitoka Nakuru kwenda Eldoret, ukishapita Salgaa barabara ndiyo itakayokwambia kama gari lako ni zima. Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Timboroa inapita 2,700. Huko juu maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, nazo thamostati (valvu zinazoruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta yakipata moto) nyingi za Toyota za zamani hufunguka kwenye 82. Pengo hilo ni dogo mno. Kinacholipanua ni shinikizo, linalofanya maji yachelewe kuchemka, na anayelishika shinikizo ni kifuniko cha rejeta.

1. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko. Tazama raba: imekauka, imepasuka? Bonyeza springi. Chini katikati kuna valvu ndogo inayorudisha maji kutoka kwenye chupa ya akiba; ikikwama, utaona hosi ya juu imenywea gari likishapoa. Nunua kingine chenye nambari ileile ya shinikizo iliyoandikwa juu yake, 0.9 kwa 0.9. Usidanganywe uchukue cha nambari kubwa, hosi kuukuu hazitavumilia.

2. Angalia maji yenyewe. Yakiwa rangi ya kutu, yamwage, safisha, kisha tia kulanti (dawa ya rejeta) na maji safi nusu kwa nusu.

3. Rejeta huziba kwa nje pia: vumbi, nyasi, wadudu, hasa kati yake na kondensa ya AC. Osha kwa mpira wa kawaida ukitokea upande wa injini. Mashine ya kuoshea magari hukunja mapezi, yale mabati membamba ya rejeta.

4. Thamostati itumbukize kwenye sufuria ya maji ya moto uone kama inafunguka. Mafundi wetu wengi huing'oa na kuitupa, nami siungi mkono. Injini bila thamostati huchelewa kupata joto, hula petroli, na ugonjwa wenyewe unabaki umejificha.

MASWALI

Fundi, langu halichemshi barabarani, ni kwenye jam ya Kondele, Kisumu, tu. Nikianza kutembea geji inashuka.
— Hiyo ni feni. Gari likitembea, upepo unaifanyia kazi yake. Washa AC, kwa magari mengi feni inapaswa kuzunguka papo hapo. Isipozunguka, kagua fyuzi, kisha iunganishe mota moja kwa moja na betri. Ikizunguka, mota ni nzima: tafuta relei au swichi ya joto.

Naongeza maji kila asubuhi na chini hakuna hata tone. Nimeambiwa ninunue rejeta mpya.
— Shika pesa zako kwanza, ndugu. Gusa zulia chini ya dashibodi. Likiwa na majimaji, hita inavuja. Kama ni kavu, washa injini ikiwa baridi, kifuniko kikiwa wazi. Mapovu yakitoka mfululizo, na ekzosi inatoa moshi mweupe hata injini ikishapata moto, shuku gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku. Hedi ipimwe kama imepinda kabla ya kufunga gasketi mpya.

Likichemka Mau Summit, nimwagie injini maji baridi?
— Usithubutu, hedi itapasuka. Geji ikianza kupanda, zima AC, fungulia hita hadi mwisho na uvumilie joto ukitafuta pa kuegesha. Kisha zima injini, ungoje ipoe kabisa ndipo uguse kifuniko.