Umeng'olewa jino? Linda donge la damu

Damu inayoganda kwenye shimo la jino ndiyo dawa yenyewe: inafunika mfupa na mishipa ya fahamu mpaka nyama mpya iote. Kwa hiyo ng'ata pamba kwa nguvu kama nusu saa, bila kuitoatoa ili kuchungulia. Saa 24 za kwanza usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usinywe kwa mrija. Sigara ndiyo mbaya zaidi, jamani; iache siku kadhaa. Donge likichomoka mfupa unabaki wazi, na siku chache baadaye yanaanza maumivu makali yanayopanda hadi sikioni. Hayo usiyavumilie kwa vidonge tu, rudi kwa daktari asafishe shimo na kuweka dawa. Kesho yake baada ya kung'olewa jino, sukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, hasa ukishakula.