Kuimba mantra kwenye yoga: inamaanisha nini na unaanzaje

Mwalimu akivuta ile "Oooommm" mwanzo wa kipindi, nusu ya darasa wanabana kicheko na nusu iliobaki wanafuata tu bila kujua wanasema nini. Siwalaumu, mara nyingi hakuna anaewaelezea.

Mantra ni neno au sauti unayoirudiarudia, na jina lenyewe ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya India: "man" ni kufikiri na "tra" ni chombo, yaani kitu cha kuishikia akili isizurure. Om yenyewe ni sauti 3, A-U-M. A inatokea kooni mdomo ukiwa wazi, U inasogea mbele midomo ikijikunja, M midomo inafunga. Afu kuna ya 4 ambayo haina sauti, ni ule ukimya unaobaki ukimaliza, na Mandukya Upanishad, andiko fupi la Kihindu la mistari 12 tu, inauongelea huohuo. Wengi wanauruka wanakimbilia pumzi nyingine, wakati hapo ndo penyewe!

Sasa ukitaka kujaribu, kaa mgongo umenyooka, kwenye kiti pia sawa. Vuta pumzi kwa pua taratibu, halafu ukianza kuitoa ndo sauti itoke nayo, usijikamue wala usitafute sauti ya kwaya, ile ya chini unayoongelea kila siku inatosha, na M uivute mpaka usikie midomo na kichwa vinatetema. Nyamaza kidogo. Rudia kama mara 10 hivi, kwa siku za kwanza inatosha kabisa.

Kama unaona aibu nong'ona, au sema kimoyomoyo. Zote 3 ni njia zinazokubalika toka zamani na ya kimoyomoyo ndo inahesabiwa ya juu zaidi, ila mimi namshauri anaeanza atoe sauti, kimoyomoyo akili inakutoroka hata hujui imeondoka saa ngapi.

Wanaohesabu wanatumia mala, ni kama tasbihi ila ina shanga 108, unazisogeza kwa kidole gumba na cha kati, cha shahada kinakaa pembeni. Ukifika ile shanga kubwa usiivuke, geuza urudi ulikotoka.

Na wanaosema kuimba hivi kunatuliza, sio mawazo yao tu. Utafiti uliotoka kwenye jarida la BMJ mwaka 2001 uliona watu wakikariri "Om mani padme hum", mantra ya Kibudha, pumzi zao zinashuka hadi kama 6 kwa dakika, na waliosali rozari ikawa hivohivo.

Ila jua unachotamka. Yoga Sutra, andiko la kale la yoga, yenyewe inasema Om irudiwe huku unatafakari maana yake. Mantra ya Gayatri kwa mfano ni sala kwa Savitr, mungu wa jua, imetoka Rigveda, andiko la kale la Kihindu, na hata mantra ya "So'ham" wanayoiita nyepesi maana yake ni "mimi ndiye Yule", sio neno tupu hilo. Kama imani yako haikuruhusu, vumisha tu "mmm" kwenye kutoa pumzi, mtetemo utaupata uleule.

Ukisikia kizunguzungu acha, rudi kupumua kawaida, ujue ulikuwa unavuta pumzi kwa pupa.